Kompyuta ya Chama na Mfumo wa Bei Nafuu



Katika mkutano uliopita, baada ya kusomwa hesabu za msimu, mzee mmoja alisimama akauliza suali ambalo hatukuweza kulijibu kwa ukamilifu papo hapo. Alisema: "Mnatuambia kompyuta ya ofisi yataka mfumo mpya, na kwamba mfumo huo kwetu ni bure, hali mwenye kuanza upya huununua kwa pesa nyingi. Sisi wakulima tukiambiwa bure, hutazama mkono wa pili umeshika nini. Basi hila iko wapi?"

Watu walicheka, lakini suali lile ni la haki, na wengi walikuwa nalo moyoni. Kwa hivyo tumeona yafaa tulijibu katika ukurasa huu, ili kila mwanachama afahamu kabla ya mkutano ujao, ambapo itabidi tukate shauri pamoja.

MFUMO NI KITU GANI

Kompyuta ni chombo tu. Ili kifanye kazi, hapana budi ndani yake iwemo programu moja kubwa inayotawala kioo, kibao cha herufi, diski na mashine ya kuchapa, na inayozipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi zao. Programu hiyo kubwa ndiyo iitwayo mfumo wa uendeshaji. Kompyuta isiyo na mfumo ni kama mizani isiyo na mawe: ipo, yaonekana, lakini haipimi kitu.

Mfumo tulio nao ofisini ni Windows, unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Juu ya mfumo huo ndipo yanapokaa madaftari yetu: majina ya wanachama, uzito wa karafuu za kila mmoja, makonyo, na fedha mlizotangulizwa za kuwalipa wachumaji. Mwenye kuugusa mfumo, basi, anagusa na madaftari hayo. Ndiyo maana jambo hili si la fundi peke yake.

KWA NINI BEI HUPUNGUZWA

Tuchukue mfano wa mtungi wa gesi. Mtu anayeanza kupikia gesi hununua mtungi pamoja na gesi iliyomo, akalipa pesa nyingi. Gesi ikimwishia hupeleka mtungi mtupu dukani, akapewa uliojaa, naye akalipa bei ya gesi tu. Hapo mwenye duka hakumfanyia hisani. Mtungi aliokwenda nao ndio uliolipa sehemu iliyobaki.

Mifumo ya kompyuta nayo iliuzwa hivyo kwa miaka mingi. Kulikuwa na toleo kamili, kwa mtu asiye na kitu, na toleo la kupandisha daraja, kwa mtu ambaye tayari anao mfumo wa zamani aliopata kwa njia ya halali. Windows 7 ilipotoka tarehe 22 Oktoba 2009, toleo kamili la Home Premium liliuzwa Marekani kwa dola 199.99, na la kupandisha daraja kwa dola 119.99. Kabla ya hapo, baina ya tarehe 26 Juni na 11 Julai 2009, walioagiza mapema huko Marekani waliuziwa lile la kupandisha daraja kwa dola 49.99.

Mtu angedhani kwamba cha bei ndogo kimepunguzwa kitu ndani yake. Sivyo. Mfumo uliokuwa katika kisahani ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa katika ufunguo, yaani zile herufi na tarakimu 25 zinazoandikwa wakati wa kuamilisha mfumo, na katika sharti la leseni. Ufunguo wa bei ndogo ulitaka kwanza uone mfumo wa zamani. Na baada ya kupandishwa, leseni ya zamani haikuwa huru tena kutumiwa katika mashine nyingine. Ilikwisha kuingia ndani ya ile mpya.

Basi jawabu la mzee wetu ni hili: hila hakuna, lakini sharti lipo. Ile sehemu ya bei ambayo hukuitoa mfukoni umeilipa kwa kitu ulichokuwa nacho, na ni juu yako kuonyesha kwamba unacho. Mtu hawezi kuuvunja mtungi nyumbani kisha akaenda dukani kudai bei ya mwenye mtungi.

YALIYOKIPATA CHAMA MWAKA 2010

Haya hatuyasemi kwa kusoma tu. Mwaka 2010 chama chetu kiliuvunja mtungi wake kwa mkono wake. Sisi tunaoandika leo tulikuwa bado skuli, lakini habari imo katika kitabu cha mikutano, na aliyekuwa katibu wakati ule ametusimulia mengine.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa na Windows XP, ambayo ni mfumo wa mwaka 2001. Mwenzetu aliyekuwa akirudi kutoka Dubai alituletea kisahani cha Windows 7, toleo la kupandisha daraja, kwa bei ambayo kamati iliifurahia sana. Akaitwa fundi kutoka mjini. Kamati, kwa kutaka mambo yaanze upya kwa usafi, ilimwambia afute kila kitu. Fundi akauliza kama kuna nakala ya madaftari. Akajibiwa ipo, kwani kila mmoja alidhani mwenzake ameitoa. Basi akaifuta diski yote, akaiwasha mashine kwa kisahani kipya, na mfumo ukaingia vizuri bila ya tatizo lolote.

Shida ilitokea kwenye kuamilisha. Kioo kilitoa maandishi yenye namba 0xC004F061, ambayo maana yake ni kwamba ufunguo huu ni wa kupandishia daraja tu, haufai kwa mfumo uliowekwa katika diski tupu. Fundi akasema kisahani ni cha bandia. Wengine wakataka zitolewe pesa nyingine kununua toleo kamili. Kumbe kisahani kilikuwa cha halali kabisa. Kilichokosekana ni mfumo wa zamani, ambao ulikuwa umekwisha futwa.

Dawa yake ilikuwa kurudi nyuma: kuiweka Windows XP kwa kisahani chake na ufunguo wake, kisha kuianzisha Windows 7 kutoka ndani ya XP. Ufunguo wa XP ulikuwa umeandikwa katika kibandiko ubavuni mwa kompyuta, lakini tarakimu mbili zilikuwa zimefutika. Watu walitafuta siku mbili. Mwishoni mlinzi alilikuta boksi la zamani ghalani chini ya majamvi, na ndani yake kisahani na karatasi ya ufunguo. Laiti boksi lile lingekuwa limetupwa, bei nafuu ingegeuka kuwa bei mara mbili.

Mfumo ukapatikana, lakini madaftari hayakupatikana. Heri yetu ilikuwa mweka hazina wa wakati ule, ambaye hakuiamini kompyuta na alikuwa akiendelea kuandika katika kitabu chake kwa kalamu. Walikaa usiku tisa wakinakili upya. Hata hivyo mizigo ya siku tatu za mwisho haikuwa katika kitabu kile, na chama kikalazimika kumwamini kila mtu kwa kauli yake. Wengine waliona wamepunjwa. Wanachama wawili walitoka chamani mwaka ule na hawakurudi. Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na hapa palipotea mali na watu pia.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Tangu siku zile njia ya kuuza imebadilika. Windows 8 ilipotoka tarehe 26 Oktoba 2012, toleo la Pro la kupandisha daraja liliuzwa kwa njia ya intaneti kwa dola 39.99, na bei hiyo ilikoma tarehe 31 Januari 2013. Ilipokuja Windows 8.1 mwaka 2013, madukani paliuzwa toleo kamili, na maboksi ya kupandisha daraja yakaachwa. Kisha tarehe 29 Julai 2015 ikatoka Windows 10, na wenye Windows 7 na 8.1 za halali wakaruhusiwa kupanda bila ya malipo kwa muda wa mwaka mmoja. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, nayo hupandwa bure na mwenye Windows 10 ya halali, ikiwa mashine yake inakubali.

Basi punguzo limefika mpaka sifuri, lakini sharti la mtungi lingalipo. Mwenye kuanza na kompyuta tupu hununua leseni. Na mtungi wa zamani mno haupokelewi tena: katika Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba njia ya kutumia funguo za Windows 7 na 8 kuamilisha mifumo mipya imefungwa. Aliyekuwa akiuweka ufunguo huo kwa ajili ya kesho, kesho yake imepita.

Ushahidi nao umehama. Zamani ulikuwa kibandiko na boksi. Siku hizi Windows 10 na 11 mara nyingi hutumia leseni ya kidijitali, yaani Microsoft huweka katika kumbukumbu zake kwamba mashine fulani ina haki. Ukiuweka mfumo upya katika mashine ile ile, hujiamilisha wenyewe unapopata intaneti. Lakini ukibadilisha ubao mkuu wa ndani, mashine huonekana ngeni, na haki hiyo yaweza kukupotea. Inafaa basi leseni iunganishwe na akaunti ya Microsoft, yenye anwani ya barua pepe na neno la siri.

Hapa twaomba wanachama watuelewe vizuri. Akaunti hiyo ndiyo boksi letu la leo. Ikiandikwa kwa jina la karani, na karani akaondoka, ameondoka na boksi. Kwa hivyo tumefungua akaunti kwa jina la chama, na neno la siri limeandikwa katika karatasi iliyotiwa bahasha, ikafungwa na kuwekwa katika sanduku la fedha mbele ya mwenyekiti na mweka hazina.

KWA NINI TUSIKAE NA TULICHO NACHO

Wengine watauliza kwa nini tusibaki na Windows 10, ambayo tumeizoea. Jambo lenyewe ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia. Mashine haikuzimika siku ile, na wala haitazimika. Lakini makosa ya usalama yanayogunduliwa baada ya hapo hayatengenezwi tena kwa watu wote bure kama zamani. Kwa wenye kompyuta za nyumbani ulitangazwa mpango wa kujiandikisha ili wapate marekebisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujitayarisha tu. Mfumo usiotengenezwa ni kama ghala lenye bati lililotoboka: wakati wa jua hulioni tundu.

UTARATIBU WA KUFUATA

Tumeandika hapa utaratibu tutakaoufuata ofisini. Mwanachama mwenye kompyuta nyumbani, au ambaye watoto wake wanayo, naye aweza kuufuata.

Kwanza, nakala. Madaftari yote yatiwe katika vifaa viwili mbalimbali, kimoja kikae ofisini na kingine nyumba nyingine. Tena haitoshi kusema nakala ipo. Ifunguliwe katika kompyuta nyingine, na mtu asome jina la mwanachama mmoja na uzito wake, alinganishe na kitabu.

Pili, itazamwe kama mfumo wa sasa umeamilishwa. Katika Windows 10 habari hiyo imo kwenye mipangilio, sehemu ya usasishaji na usalama. Mfumo ambao haukuamilishwa ni mtungi usio wako, na kuupandisha daraja hakuufanyi uwe halali. Kadhalika wapo wanaouza funguo kwa pesa kidogo sana bila ya risiti wala asili inayojulikana. Huo ndio urahisi ulio ghali. Tujihadhari nao.

Tatu, ijulikane kama mashine inakubali. Windows 11 yataka prosesa ya biti 64 iliyomo katika orodha ya zinazokubaliwa, kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na kijisehemu cha kutunzia siri kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Microsoft hutoa bure programu iitwayo PC Health Check, ambayo huikagua mashine na kusema inakubali au haikubali, na kwa sababu gani.

Nne, ziandikwe katika karatasi programu zote zinazotumika pamoja na funguo zake, na aina ya mashine ya kuchapa.

Tano, ichaguliwe siku. Isiwe siku ya kupima karafuu, wala siku ya kulipa. Kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa na waya wake umechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe na betri ya akiba, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi waweza kuuharibu mfumo wa zamani kabla mpya haujakamilika. Mfumo wenyewe ni gigabaiti kadhaa, kwa hivyo ni bora uteremshwe mara moja penye intaneti nzuri na kutiwa katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi.

Sita, kazi ianzishwe kutoka ndani ya mfumo wa zamani, ukiwa unafanya kazi, na pale inapoulizwa nini kibaki, lichaguliwe jibu la kubakiza faili na programu zote. Diski isifutwe. Hili ndilo lililotushinda mwaka 2010, na twalirudia makusudi: diski isifutwe.

Saba, baada ya kumaliza, pasiwe na haraka ya kusafisha. Mfumo wa zamani huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old, na kwa muda wa siku 10 yawezekana kurudi ulikotoka. Katika siku hizo yafunguliwe madaftari yote, zichapwe risiti, na mweka hazina alinganishe jumla na kitabu chake. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

MASHINE INAYOKATAA

Ofisi yetu ina kompyuta mbili. Ile ya mkononi imekaguliwa na imekubali. Ile ya mezani, ambayo ndiyo yenye madaftari na iliyo karibu na mizani, imekataa, kwa kuwa prosesa yake ni ya zamani. Zipo njia za kulipita katazo hilo, na vijana wengi wanazijua, lakini Microsoft yenyewe haiahidi kuihudumia mashine iliyopandishwa hivyo. Sisi hatuoni kuwa ni busara kuyaweka madaftari ya watu juu ya kitu kisicho na mdhamini.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni kuyahamishia madaftari katika kompyuta ya mkononi, na ile ya mezani ikae bila ya intaneti, ikachapa tu. Ya pili ni kununua kompyuta nyingine iliyo na Windows 11 tayari, na hapo leseni huwa imo ndani ya bei. Ya tatu ni kuiwekea ile ya mezani mfumo wa Linux, ambao hauna bei wala ufunguo, lakini programu yetu ya hesabu imeundwa kwa Windows, na karani atahitaji kujifunza upya.

Maoni yetu ni kuishika njia ya kwanza kwa msimu huu, kwa sababu haitoi fedha na haimhatarishi mtu, na kuanza kuweka akiba ya njia ya pili. Lakini fedha ni za chama na madaftari ni ya wanachama, na uamuzi ni wenu.

Mpaka siku ya mkutano twaomba mambo mawili. Kila mwanachama apite ofisini atazamishwe jina lake na uzito wake kama ulivyoandikwa, na atie sahihi kitabuni kwamba ameona na amekubali, au aseme kosa liko wapi. Na yeyote mwenye risiti ya msimu uliopita asiitupe. Hatutagusa kitu katika kompyuta mpaka sahihi ya mwisho ipatikane.

Katibu wa Chama